Kununua gari dogo mkononi mwa mtu: kuanzia hesabu ya fedha hadi kadi yenye jina lako

Mwambie dalali yeyote wa Dar es Salaam kwamba unatafuta gari dogo, na kabla hajakuuliza una shilingi ngapi atakuuliza unataka namba gani. Namba D? Namba E? Herufi hiyo inayofuata tarakimu kwenye kibao cha gari imekuwa kipimo cha kila kitu, na wanunuzi wa mara ya kwanza wanaongeza milioni nzima kwa ajili yake. Lakini inachosema ni kimoja tu: gari liliandikishwa Tanzania kipindi gani. Haisemi lilitengenezwa mwaka gani, limetembea kilometa ngapi, wala limewahi kugongwa au la. Tanzania haijaweka ukomo wa umri wa gari linaloingizwa kama Kenya, inayokataa gari lenye zaidi ya miaka 8. Kwa hiyo IST ya mwaka 2003 inaweza kushuka bandarini imeshachoka huko ilikotoka, ikapewa namba mpya kabisa, wakati Vitz ya namba C iliyobadilishwa oili kwa wakati bado inapanda milima ya Goba bila kulalamika. Nunua hali ya gari na usafi wa karatasi zake. Namba iwe jambo la mwisho.

Ninayoyaeleza hapa ni ya gari la injini ya cc 1000 hadi 1500 linalonunuliwa hapa nchini, kwa mtu binafsi au kwenye yadi.

Hatua ya kwanza: gawa fedha kabla ya kutazama gari

Tuseme una milioni 10. Tafuta gari la milioni 8, na hizo 2 zilizobaki usimtajie mtu, hasa dalali. Gari la mkononi lina gharama zinazoanza siku ileile unapokabidhiwa ufunguo. Kuhamisha umiliki TRA (Mamlaka ya Mapato) kuna ushuru wa stempu wa asilimia 1 ya thamani, ada ya uhamisho ya shilingi 50,000 na kadi mpya ya 10,000, yaani kwa gari la milioni 8 andaa kama 140,000. Bima ndogo ya gari binafsi, inayolipa hasara ya mtu mwingine tu, ni 118,000 pamoja na VAT. Bima kubwa, inayolipa hadi gari lako mwenyewe, kwa kawaida huhesabiwa kwa asilimia 3.5 ya thamani, kisha VAT juu yake, kwa hiyo gari hilo la milioni 8 litakuomba karibu 330,000 kwa mwaka. Viwango hubadilika kwenye bajeti za Juni, kwa hiyo uliza upya wiki unayonunua.

Kinachobaki kinakwenda kwenye oili, plagi, breki, betri, na mara nyingi tairi mbili au nne. Muuzaji aliyeamua kuuza gari miezi mitatu iliyopita hajalinunulia kitu tangu siku hiyo. Madeni yake ya matengenezo unayarithi wewe.

Piga pia hesabu ya mafuta. EWURA, mamlaka inayodhibiti nishati na maji, hutangaza bei kikomo kila Jumatano ya kwanza ya mwezi. Chukua bei hiyo, kadiria gari la cc 1000 linakwenda kilometa 13 hadi 15 kwa lita katika foleni zetu, kisha linganisha na safari zako za wiki. Kama hesabu hiyo tu inakukaba, subiri miezi michache.

Hatua ya pili: chagua gari ambalo kila fundi analijua

Vitz, Passo, IST, Starlet, Raum, Swift, March, Demio, Fit. Zote ni gari nzuri zikiwa nzima. Kwa mmiliki wa kwanza, hata hivyo, naegemea Toyota ndogo kwa sababu moja: kipuri chake kinapatikana Kariakoo, Gerezani na Ilala, na kinapatikana pia Singida na Songea, na fundi wa mtaani ameshaifungua mara nyingi. Gari zuri lisilo na vipuri karibu litakaa gereji likisubiri basi la kutoka Dar.

Zijue injini kidogo, maana muuzaji akiona unazijua atapunguza maneno. Passo ya cc 1000 na Vitz za cc 1000 za kuanzia 2005 zina injini ya 1KR yenye silinda tatu. Kutetemeka kidogo ikiwa imesimama ni tabia yake, usiogope. IST ya kwanza, ya 2002 hadi 2007, ipo ya cc 1300 yenye 2NZ na ya cc 1500 yenye 1NZ. Injini hizi zote zinatumia mnyororo wa taimingi, na mnyororo hudumu kama oili inabadilishwa. Starlet yenye 4E inatumia mkanda wa taimingi, nao Toyota ilielekeza ubadilishwe kila kilometa 100,000. Asiyekumbuka ulibadilishwa lini, hesabu kwamba utaubadilisha wewe.

Gari lenye gia boksi ya aina ya CVT (otomatiki inayobadilika bila ngazi za gia), kama Fit nyingi, ni laini kuendesha na linakula mafuta kidogo, ila linahitaji oili yake maalumu. Wengi waliopita nalo wameliwekea oili yoyote ya gia otomatiki iliyopatikana. Kama huna ushahidi wa risiti, liache kwa mnunuzi mzoefu.

Hatua ya tatu: karatasi kabla ya injini

Hapa ndipo watu wanapopoteza gari zima, si shokapu wala tairi. Fundi anaweza kutengeneza injini. Kadi isiyo halali haitengenezeki gereji.

Omba kadi halisi ya gari, ile yenyewe, usikubali picha ya simu. Kisha omba kitambulisho cha NIDA cha anayeuza. Majina yafanane. Kama hayafanani, uliza kwa nini, na uwe tayari kuondoka. Majibu utakayopewa yanajulikana: "Ni la shemeji yangu yuko Mwanza," "Nilinunua sikuwahi kuhamisha," "Mwenyewe amefariki." Kila moja lina njia yake. La shemeji, shemeji apigiwe na aje, au alete hati ya uwakilishi iliyoshuhudiwa na wakili. Ambaye hakuhamisha, ahamishe kwanza kuja kwake, ndipo akuuzie wewe. La marehemu haliuzwi na mtoto mkubwa wala mjane kwa kauli yake. Huuzwa na msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, na barua hiyo ya uteuzi uione kwa macho yako. Nimeona familia zikigombana juu ya gari lililokwishauzwa, na mnunuzi asiye na kosa ndiye aliyekuwa akilala nje ya kituo cha polisi.

Kadi iliyotolewa upya baada ya kuripotiwa kupotea inahitaji jicho la pili. Siku hizi mikopo ya kukabidhi kadi ya gari imejaa kila mtaa. Mtu anaweza kuiacha kadi halisi kwa mkopeshaji, akaripoti imepotea, akachukua nyingine na kukuuzia. Kadi ya namna hiyo haimaanishi moja kwa moja kwamba kuna wizi, lakini usilipe hata kishika uchumba kabla hujafika naye TRA kuhakikisha gari halina zuio wala jina la benki pembeni ya jina lake.

Kisha linganisha namba. Namba ya chasisi kwenye Toyota ndogo nyingi imechongwa kwenye ukuta wa chuma kati ya injini na dashibodi, au sakafuni chini ya kiti cha mbele. Huanza na herufi za aina ya gari, kwa mfano NCP60 kwa IST ya cc 1300. Isome tarakimu moja moja huku kadi iko mkononi. Papase kwa kidole pia: kama chuma kimesagwa, kimechomelewa au kimepakwa rangi tofauti na kilichozunguka, funga boneti, shukuru, ondoka. Namba ya injini nayo ilingane na kadi. Kubadilisha injini ni jambo la kawaida kwetu, injini za mtumba zinauzwa waziwazi. Ila mabadiliko hayo yanapaswa kuingizwa kwenye kadi, na kazi hiyo ni ya muuzaji, aimalize kabla hujalipa.

Angalia madeni. Faini za barabarani hukaa kwenye namba ya gari, na kila kosa ni shilingi 30,000. Zinaonekana kwenye mfumo wa polisi wa usalama barabarani kwa kuingiza namba hiyo. Ada za maegesho za TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, nazo ni hivyohivyo. Trafiki akikusimamisha hatajali kwamba kosa ni la Machi na wewe umenunua Mei. Uhai wa bima unaweza kuuhakiki kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka ya bima, kwa namba ya gari, maana stika kwenye kioo peke yake haithibitishi kitu.

Mawili ya kukumbuka kwa haraka. Gari lililoingizwa kwa msamaha wa kodi, la shirika au la mtumishi, likiuzwa kwa asiye na msamaha kodi inadaiwa. Na gari la namba za Zanzibar, ulizia TRA utaratibu wa kulitumia bara kabla hujakubaliana bei.

Hatua ya nne: litazame mwenyewe, mchana, likiwa baridi

Usiende jioni wala wakati wa mvua. Maji juu ya bodi huficha kila kitu. Mwambie muuzaji asiwashe gari kabla hujafika, na ukifika weka kiganja juu ya boneti. Injini ya moto imeshapita kwenye mtihani wake mgumu kuliko yote, yaani kuwaka ikiwa baridi, na wewe hukuwepo.

Zunguka polepole. Simama pembeni na kuangalia ubavu wa gari kwa kuinama kidogo, mwanga wa jua utaonyesha bodi lililonyooshwa na rangi isiyolingana. Tazama nati za fenda na za boneti: zikiwa na alama za spana, zimefunguliwa, na ziliwahi kufunguliwa kwa sababu fulani. Angalia nafasi kati ya milango na taa, iwe sawa pande zote mbili. Kugongwa bampa si hoja. Kilichogongwa hadi chuma cha mbele kinachobeba injini kikapindishwa ndicho cha kukimbia.

Vuta mkanda wa kiti hadi mwisho. Tope au doa la maji kwenye sehemu ambayo haivutwi kila siku linakuambia gari liliwahi kuzama, na Dar yenye mafuriko ya Jangwani kila masika kubwa gari hizo zipo. Inua zulia, nusa, angalia kutu kwenye reli za viti. Gari lililozama litakusumbua kwa umeme miaka yote.

Tairi zina tarakimu nne ndani ya kiduara: 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi yenye meno mazuri lakini ya miaka minane ni ya kubadilishwa. Kama tairi zimelika upande mmoja, mguu wa gari una tatizo.

Kilometa kwenye dashibodi zisikutulize wala kukutisha, kwa sababu kuzirudisha nyuma ni kazi ya dakika chache. Soma ushahidi mwingine: mpira wa pedeli ya breki, ngozi ya usukani, kona ya kiti cha dereva. Dashibodi inasema 70,000 na pedeli imelika hadi chuma? Amini pedeli. Uliza pia kwa upole kama gari limewahi kufanya kazi ya teksi mtandao. Vitz, Passo na IST nyingi zimefanya, nazo hutembea kwa mwezi mmoja kilometa ambazo gari la nyumbani linatembea kwa miezi mingi.

Fungua ufunguo bila kuwasha. Taa za injini, oili, betri na mifuko ya hewa lazima ziwake, kisha zizime baada ya injini kuwaka. Taa ambayo haiwaki kabisa huenda imeng'olewa balbu ili usione ugonjwa. Saa ya dashibodi ikiwa imeanza upya, betri imefunguliwa karibuni, na huenda ni kufuta kumbukumbu za kompyuta ya gari.

Sasa washa, mwenzako akiwa nyuma. Moshi wa bluu ni oili inayoungua. Mweupe mzito unaoendelea hata injini ikipata moto ni maji yanayoingia kwenye silinda. Mweusi ni mafuta mengi kupita kiasi. Kabla ya kuwasha ulipaswa kufungua kifuniko cha oili na cha rejeta: uji wa rangi ya maziwa chini ya kifuniko cha oili, au mafuta yanayoelea kwenye maji ya rejeta, mara nyingi ni gasketi ya silinda hedi iliyokufa. Hapo huhitaji fundi kukuambia.

Hatua ya tano: fundi wako, si wa dalali

Likipita machoni pako, ndipo ulipe fundi. Mtafute mwenyewe, na mlipe ujira wa siku yake iwe unanunua au hununui. Fundi ambaye atapata chake tu kama biashara imekamilika ana sababu ya kuona gari ni zima. Mwambie wazi kwamba kazi yake ni kukutafutia sababu za kukataa.

Alipandishe kwenye shimo la gereji. Achunguze uvujaji wa oili na wa gia boksi, bushi, boljointi, shokapu, mipira ya ekseli za mbele kama imechanika, na kutu chini ya sakafu, hasa kwa gari lililoishi Kigamboni, Tanga au Zanzibar karibu na chumvi ya bahari. Aangalie kama masega ya ekzozi yapo, maana yana madini ya thamani na huibwa au huuzwa. Kisha apime kwa mashine. Mashine nzuri huonyesha makosa yaliyopo na pia kama kumbukumbu zimefutwa siku hizo hizo.

Jambo ambalo mafundi wengi hawalitaji: mifuko ya hewa ya Takata. Magari mengi ya Kijapani ya miaka ya 2000, Toyota na Honda zikiwemo, yaliitwa yarudishwe kiwandani kwa sababu kemikali ya kulipulia mfuko huharibika kwa joto na unyevu, na mfuko ukifunguka unaweza kurusha vipande vya chuma kwa dereva. Pwani yetu ina joto na unyevu mwaka mzima. Toyota ina ukurasa wa kuangalia kwa namba ya chasisi. Tumia dakika hizo.

Hatua ya sita: liendeshe kwenye foleni na mlimani

Mzunguko wa yadi hautoshi. Omba nusu saa, muuzaji au dalali akiwa ndani, na bima iwe hai. Kama leseni yako bado ni changa, fundi aendeshe nawe ukae pembeni usikilize.

Kwa gia otomatiki, toa P uende R, kisha D. Gari lisichelewe kushika wala kupiga teke. Pindua usukani hadi mwisho na uende polepole: sauti ya kugonga mfululizo ni viungo vya ekseli za mbele. Kwenye lami tupu legeza mikono kidogo uone kama linavuta upande. Shika breki kwa nguvu ukihakikisha nyuma hakuna mtu. Usukani ukitetemeka, diski zimepinda. Panda mlima ukiwa umewasha kiyoyozi. Kisha, na hili ndilo wanaolikwepa, liache limesimama linanguruma dakika 20 kiyoyozi kikiwa kinafanya kazi. Vitz nyingi hazina mshale wa joto, zina taa tu, ya bluu kwa baridi na nyekundu kwa joto. Nyekundu ikiwaka, imechelewa tayari, kwa hiyo sikiliza kama feni ya rejeta inaingia na kutoka.

Hatua ya saba: bei, mkataba, malipo

Andika kila kasoro na bei ya kipuri chake baada ya kupiga simu madukani, kisha weka karatasi hiyo mezani. "Shokapu mbili za nyuma, tairi mbili, betri" ina nguvu kuliko "nipunguzie kaka". Muulize mmiliki mwenyewe, dalali akiwepo, anataka shilingi ngapi mkononi, ili cha juu cha dalali kionekane na mkizungumze kama kamisheni halali. Dalali mzuri anastahili kulipwa.

Mkataba uandikwe mbele ya wakili. Uwe na majina kamili, namba za vitambulisho, TIN (namba ya mlipakodi), namba ya gari, ya chasisi na ya injini, bei yote mliyokubaliana, na tarehe pamoja na saa ya makabidhiano. Saa ni muhimu, kwa sababu ajali au kosa la asubuhi ni lake, la jioni ni lako. Andikeni bei ya kweli. Kuandika ndogo ili kupunguza ushuru wa stempu kunakuponza siku ukidai fedha zako, maana mahakama itasoma kilichoandikwa.

Lipa kwa benki, kwenda akaunti yenye jina lilelile la kwenye kadi. Yeyote anayetaka fedha taslimu kwenye maegesho, au kwenye akaunti ya "mdogo wangu", mwambie utasubiri.

Hatua ya nane: TRA kabla ya safari ya kwanza

Maneno "utahamisha taratibu" yamewatesa wengi. Siku mliyolipana, au kesho yake asubuhi, anzeni uhamisho mkiwa pamoja: kadi halisi, mkataba, vitambulisho, TIN zenu wote wawili, na picha kama zitahitajika. Usimwache muuzaji aondoke mjini kabla hajathibitisha upande wake. Ukiacha, kwenye kumbukumbu za TRA gari bado ni lake: wadai wake wanaweza kulifuata, na akifariki, linaweza kuhesabiwa kwenye mirathi yake.

Bima iwe kwa jina lako. Ya mwenye gari wa zamani inaweza isikutambue siku ya ajali. Kwa gari la milioni 8 ulilolikusanyia miaka, mwaka wa kwanza ningekata bima kubwa, kwa sababu ndio mwaka ambao dereva mpya anagusa nguzo na bodaboda. Hakikisha mtungi wa kuzimia moto na pembetatu vimo kwenye buti.

Wiki hiyohiyo badilisha oili ya injini na chujio lake, hata kama umeambiwa imebadilishwa juzi. Galoni la lita 4 linatosha injini hizi zote, na linabaki la kuongezea. Badilisha chujio la hewa, plagi kama zimechoka, maji ya rejeta, na oili ya breki. Oili ya gia boksi fundi aitazame rangi na harufu tangu siku ya ukaguzi: nyekundu na safi iache, nyeusi yenye harufu ya kuungua irudisheni kwenye mazungumzo kabla hata hujanunua. Andika kilometa za siku hiyo kwenye daftari na uliweke kwenye kisanduku cha dashibodi. Oili inayofuata ni baada ya kilometa 5,000.